Ardhi Isiyofikiwa na Sauti: Ushuhuda na Umbo la Shajara katika Maandishi ya Kupinga Makazi ya Walowezi Palestina

Sheria ya Ardhi ya dola la Uthmaniya, iliyotungwa mwaka 1858, iliifafanua ardhi mfu kwa kipimo ambacho mwanafasihi hawezi kukisoma bila kushtuka. Ardhi mfu, yaani mawat, ni ile iliyo mbali na makazi ya watu kiasi kwamba mtu akisimama penye nyumba ya mwisho ya kijiji na kupaaza sauti, sauti yake haisikiki huko. Dola hilo lilikwisha sambaratika zaidi ya karne moja iliyopita, lakini sheria yake haikuzikwa nalo. Israel ilipouteka Ukingo wa Magharibi wa mto Yordani mwaka 1967 iliikuta ingali inafanya kazi, na baada ya Mahakama Kuu kuamua mwaka 1979, katika shauri la Elon Moreh, kwamba ardhi ya mtu binafsi haingeweza kutwaliwa kwa amri ya kijeshi ili wajengewe raia, sheria hiyo ndiyo iliyogeuzwa kuwa nyenzo kuu. Shamba lililokaa miaka mitatu mfululizo bila kulimwa liliweza kutangazwa kuwa mali ya serikali, na mali ya serikali ikagawiwa walowezi.

Yamkini msomaji atauliza mambo haya ya mahakama yanamhusu nini mhakiki wa fasihi. Makala haya yanashikilia kwamba yanamhusu sana, kwa sababu umbo la maandishi yaliyozaliwa na harakati za kupinga makazi hayo haliwezi kufahamika pasipo kuizingatia sheria hiyo. Maandishi yanayokusudiwa hapa ni Palestinian Walks ya Raja Shehadeh na Dark Hope ya David Shulman, vitabu vilivyotoka mwaka mmoja, 2007. Pamoja navyo zitatazamwa filamu mbili za hali halisi: 5 Broken Cameras ya mwaka 2011, iliyotengenezwa na Emad Burnat akishirikiana na Guy Davidi, na No Other Land ya mwaka 2024, kazi ya Basel Adra, Yuval Abraham, Hamdan Ballal na Rachel Szor. Si ajabu filamu kujumuishwa katika uhakiki wa fasihi. Hizi zina msimulizi wa nafsi ya kwanza, zina mpangilio wa shajara, na zinatoa ushuhuda kama vitabu vinavyotoa.

Kabla ya kuendelea inafaa kutua kidogo kwenye neno lenyewe. Mkenya anaposema "mlowezi" hatamki neno tupu. Limebeba Nyanda za Juu zilizoitwa za Wazungu, na limebeba Sheria za Ardhi ya Mfalme za 1902 na 1915, ambazo nazo ziliita tupu ardhi ambayo mwenyewe alikuwa ameipumzisha au ameiachia mifugo. Tena, ni katika ardhi hiyo hiyo, Uasin Gishu, ambako serikali ya Uingereza mwaka 1903 ilipendekeza Wayahudi waliokuwa wakiteswa Ulaya ya Mashariki wapewe makazi. Kongamano la Kizayuni lilikataa pendekezo hilo mwaka 1905. Ulinganifu huu usivutwe kupita kiasi, maana historia ya Wayahudi na nchi ile si historia ya Delamere na Bonde la Ufa. Lakini msomaji wa Kiswahili ana masikio ya kulisikia jambo ambalo msomaji wa Kiingereza huenda likampita: kwamba jembe linaweza kuwa hati.

Ni jambo hilo linaloeleza sifa ambayo wasomaji wengi wa Dark Hope huiona kuwa kasoro. Kitabu hiki hakina msuko kwa maana iliyozoeleka. Shulman, mtaalamu wa Kitamil, Kitelugu na Kisanskriti katika Chuo Kikuu cha Hebrew, anasimulia jinsi yeye na wenzake wa kikundi cha Ta'ayush wanavyotoka Jerusalem siku za Sabato kwenda kwenye vilima vya kusini mwa Hebron kuwasindikiza wachungaji na wakulima wa Kipalestina wanaoshambuliwa na walowezi. Ta'ayush, kilichoanzishwa mwaka 2000, kina jina la Kiarabu lenye maana ya kuishi pamoja, kutokana na mzizi ule ule ulioipa Kiswahili "maisha" na "kuishi". Wanafika, wanalima au wanachuma zeituni, walowezi wanawajia, askari wanakuja na karatasi inayotangaza kwamba eneo limefungwa kijeshi, baadhi ya wanaharakati wanakamatwa, wengine wanarudi nyumbani jioni. Ukurasa unaofuata mambo ni yale yale, ila kilima ni kingine. Msomaji aliyelelewa katika riwaya za taharuki na kilele ataona mwandishi anajirudiarudia.

Kwa hakika anajirudia, na hana budi. Shamba lisipolimwa mwaka huu, na mwaka ujao, na wa tatu, limekwenda. Kumbe anayemfukuza mkulima shambani kwa mawe na mbwa hafanyi ukatili wa siku moja tu, anahesabu miaka. Kila msimu ambao mkulima ameogopa kushuka bondeni unaandikwa upande wa mlowezi bila kalamu kuguswa. Ndiyo maana kitendo cha kulima, ambacho katika riwaya nyingine kingekuwa mandhari tu nyuma ya wahusika, hapa ndicho tukio lenyewe, na ndiyo maana hakiwezi kufanyika mara moja kikaisha. Shajara, kwa vile nayo inadai tarehe na urejeo, ndilo umbo linalolingana na jambo linalosimuliwa. Riwaya yenye kilele ingelidanganya.

Mfano ulio bora wa hoja hii ni sehemu inayohusu sumu. Mwaka 2005, katika malisho ya kijiji cha at-Tuwani, zilikutwa punje zilizotiwa sumu ya panya zimetawanywa kati ya vichaka, nao kondoo na mbuzi wakaanza kufa. Wanaharakati walikwenda kuziokota. Shulman anaeleza maprofesa, wanafunzi na wanakijiji walivyoinama juani saa nyingi wakitafuta kati ya mawe vitu vidogo vyenye rangi inayokaribia rangi ya udongo, wakijua hawatazimaliza. Hapana hotuba katika sehemu hii, wala adui hajitokezi. Kuna migongo iliyoinama tu. Hata hivyo ndipo mahali ambapo kitabu kinaeleza kwa ukamilifu ukatili uliokusudiwa na aina ya upinzani unaouweza. Mwandishi dhaifu angeliacha punje hizo baada ya sentensi mbili na kukimbilia lawama. Shulman anakaa nazo.

Umuhimu wa kuinama huko unaonekana zaidi kitabu hiki kinapowekwa karibu na novela ya S. Yizhar, Khirbet Khizeh, iliyotoka mwaka 1949. Katika novela hiyo askari kijana wa Kiisraeli anasimulia siku moja ambayo kikosi chake kinawafukuza wanakijiji wa Kiarabu na kuwapakia katika malori. Dhamiri yake inamsuta, anaona, anaumia, ananung'unika, na kazi inakamilika. Hakuna kazi ya Kiebrania iliyoonyesha kwa uwazi mkubwa zaidi jinsi ufasaha wa majuto unavyoweza kwenda sambamba na utiifu. Shulman aliiandikia tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 2008 maneno ya kuhitimisha, na haishangazi, kwani Dark Hope inaweza kusomwa kama jibu kwa msimulizi yule: nafsi ya kwanza ile ile, lugha ya uchungu ile ile, lakini mwili uliohamia upande wa pili wa lori.

Sifa hizo zisimzuie mhakiki kusema lililopungua. Katika Dark Hope Wapalestina wanasemwa zaidi kuliko wanavyosema. Wapo, wana majina, wanakaribisha wageni kwa chai, wanashukuru, wanaonyesha hati za babu zao. Lakini mara nyingi msomaji huwaona kupitia mshangao wa mgeni anayewastahi. Maisha yao baada ya magari ya wanaharakati kuondoka, saa za usiku ambazo ndizo hasa za hofu, hayamo. Mwandishi mwenyewe analijua hilo na hafichi kwamba jioni anarejea kwake. Kukiri, hata hivyo, hakujazi pengo. Nao walowezi wanachorwa kwa mistari mikavu: fimbo, kelele, nyuso zilizofunikwa. Inaweza kujibiwa kwamba ndivyo wanavyojitokeza kwa mtu anayepigwa, na jibu hilo lina uzito. Matendo ya wenye siasa kali miongoni mwao hayahitaji kutiwa chumvi. Mwaka 1994, mwezi wa Februari, mlowezi mmoja aliwaua waumini 29 waliokuwa wakisali katika Msikiti wa Ibrahimi mjini Hebron. Mwezi wa Julai 2015 nyumba ilichomwa moto usiku katika kijiji cha Duma na mtoto mchanga akafa pamoja na wazazi wake. Mwezi wa Februari 2023 kundi kubwa lilivamia mji wa Huwara na kuchoma nyumba na magari, baada ya ndugu wawili walowezi kuuawa hapo kwa risasi siku hiyo hiyo. Pamoja na hayo, mhusika aliyechorwa kwa nje tu hamwambii msomaji jinsi mtu anavyofika hapo.

Raja Shehadeh anaanzia mahali pengine kabisa. Yeye ni mwanasheria wa Ramallah, mmoja wa walioasisi shirika la haki za binadamu la Al-Haq mwaka 1979, na kwa miaka mingi alizitetea ardhi za wateja wake mbele ya kamati za kijeshi. Katika kitabu cha awali, The Third Way cha mwaka 1982, alieleza msimamo wa sumud: kubaki katika nchi, baina ya kusalimu amri kimya kimya na chuki inayopofusha. Watafsiri wa Kiswahili wangevutiwa kuliita jambo hili subira, na wangekosea. Subira hungoja heri ije. Sumud haingoji, inakalia mahali, na kule kukalia ndiko kutenda. "Ushikiliaji" lingekuwa karibu zaidi, ingawa halina utamu.

Palestinian Walks, kilichotunukiwa Tuzo ya Orwell mwaka 2008, kina matembezi sita kati ya mwaka 1978 na 2006. Neno analolitumia ni sarha, ambalo asili yake ni kuwaachia wanyama asubuhi wajilishe wanakotaka. Kwa binadamu ni kutembea pasipo njia iliyopangwa na pasipo kuangalia saa. Hapa kejeli inajengeka yenyewe. Matembezi ya kwanza yanampeleka mwandishi hadi kwenye kibanda cha mawe alichokijenga Abu Ameen, binamu wa babu yake, na kiti alichokichonga mwambani. Anakutana na jamaa huyo aliyekwisha kufa kama mtu anayemkuta mwenyeji barazani. Kadiri kitabu kinavyosonga, barabara za walowezi zinakatiza mabonde, vituo vya ukaguzi vinaongezeka, vilima vinabadilika sura, na sarha inakuwa fupi na yenye woga. Mwandishi hahitaji kueleza idadi ya nyumba zilizojengwa. Urefu wa matembezi ndio takwimu yake.

Katika kitabu hiki sheria haielezwi kama somo. Inatembea na mtembezi. Anapotazama bonde, jicho la mwanasheria linaona papo hapo mahali paliposajiliwa na pasiposajiliwa, palipolimwa na palipoachwa, na uchungu wa kurasa hizo unatokana na ugunduzi wa pole pole kwamba kesi zilizoshindwa zilishindwa tangu zilipoanza. Mwanasheria aliyeamini ushahidi anabaki na miguu yake tu. Wako watakaosema kwamba huku ni kukimbilia mandhari baada ya siasa kushindikana. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama mandhari yangekuwa salama. Hapa kutembea penyewe ni dai la haki ya kupita, na anayetembea anaweza kupigwa risasi, jambo analolisimulia bila kulikuza.

Sura ya mwisho ndiyo iliyo na utata zaidi, na ndiyo inayostahili kusomwa mara mbili. Katika bonde la Wadi Dalb, Shehadeh anakutana na mlowezi kijana kando ya kijito. Wanabishana juu ya nchi, sheria na Mungu, kila mmoja akishikilia lake, kisha wanaketi na kuvuta buruma pamoja, au shisha kama wasemavyo vijana. Mlowezi ana sauti, ana mapenzi ya kweli kwa kilima kile kile, na hoja zake hazikutungwa ili zianguke. Kwa upande wa usawiri wa wahusika hapa Shehadeh anampita Shulman kwa mbali. Lakini jina la sura hiyo linasema kuwa ni sarha ya kuwazwa. Mahali pekee katika kitabu ambapo Mpalestina na mlowezi wanakaa kama watu wawili walio sawa, mwandishi ametia alama kwamba pasishikwe kama ushuhuda. Mwanasheria hakutaka kuapa juu ya hilo. Uaminifu huo una thamani kuliko maafikiano ambayo msomaji mwenye haraka angependa kuyaona pale.

Filamu zimerithi umbo hili na kulisukuma mbele. 5 Broken Cameras inagawanywa kwa uhai wa kamera: kila moja ina mwanzo, kazi yake, na siku iliyovunjwa. Burnat aliinunua ya kwanza mwaka 2005 mwanawe wa nne alipozaliwa, wakati kijiji chake cha Bil'in kilipoanza maandamano ya kila Ijumaa dhidi ya ukuta uliokuwa ukikata mashamba yake kwa manufaa ya makazi ya Modi'in Illit. Mahakama iliamua mwaka 2007 kwamba njia ya ukuta ibadilishwe. Ukuta ulisogezwa mwaka 2011. Kati ya tarehe hizo mbili Bassem Abu Rahmah, ambaye katika filamu watoto wote wanamfuata kwa uchangamfu wake, aliuawa mwaka 2009. Ni wazi kwamba hapa kamera ina cheo cha mhusika. Swali analoliacha Burnat ni kama mwenye kamera analindwa nayo au analengwa kwa sababu yake.

No Other Land inarudi kwenye vilima vile vile vya Shulman, Masafer Yatta. Jeshi lilivitangaza vijiji hivyo kuwa uwanja wa kulengea shabaha mapema katika miaka ya 1980, likawafukuza watu wapatao 700 mwaka 1999, na mwezi wa Mei 2022 Mahakama Kuu ikaamua kwamba kuwaondoa wakazi kunaruhusiwa. Filamu inafuata tingatinga zinavyobomoa nyumba, shule na mabanda ya mifugo, na watu wanavyojenga tena usiku. Mafanikio yake makubwa, hata hivyo, yamo katika mazungumzo ya Basel Adra, mwenyeji, na Yuval Abraham, mwandishi wa habari wa Kiisraeli. Pengo ambalo Dark Hope ililikiri bila kulijaza, hapa limefanywa kuwa mada. Yuval analalamika kwamba habari aliyoiandika haikusomwa na wengi. Basel anamjibu, kwa upole wenye makali, kwamba ana haraka kana kwamba amekuja kumaliza kila kitu kwa siku kumi kisha arudi kwake. Mmoja ana gari linaloweza kwenda popote. Mwingine amesomea sheria na hana pa kuitumia. Urafiki wao haufuti tofauti hiyo, na filamu haijifanyi kwamba umeifuta.

Kuna sehemu moja fupi ambayo mhakiki hana budi kuitaja. Picha za zamani zinamwonyesha Tony Blair akipita at-Tuwani kwa dakika saba. Baada ya ziara hiyo amri za kubomoa shule na nyumba za mtaa aliopita zilifutwa. Msimulizi anasema bila kupandisha sauti kwamba hii ni hadithi ya nguvu. Miaka ya wanakijiji kulima, kushtaki, kupiga picha na kupigwa haikufanya kilichofanywa na dakika saba za mtu mwenye jina. Hapo ndipo kipimo cha Uthmaniya kinaporudi, safari hii kimepinduliwa. Sauti inayopaazwa kutoka nyumba ya mwisho inafika mbali sana siku hizi. No Other Land ilishinda tuzo mjini Berlin mwaka 2024 na Oscar mwezi wa Machi 2025. Lakini kusikika si kitu kimoja na kuwa na uzito mbele ya anayeamua. Mahakama ya Kimataifa ya Haki nayo ilitoa maoni yake mwezi wa Julai 2024 kwamba kuendelea kwa Israel kuikalia ardhi ya Palestina ni kinyume cha sheria na kwamba ujenzi wa makazi ukome. Wiki chache baada ya Oscar, Hamdan Ballal, mmoja wa wakurugenzi wanne, alipigwa na walowezi nje ya nyumba yake huko Susya, kisha akashikiliwa na askari.

Kiswahili kina neno moja, shahidi, kwa mtu aliyeona na kuja kusema, na kwa mtu aliyeuawa kwa ajili ya lile analolisimamia. Kiarabu kinayatenga maana hizo kwa tofauti ya irabu. Wahakiki wa fasihi ya ushuhuda, wakiandika kwa lugha za Ulaya, hulishughulikia neno hilo kana kwamba lina maana ya kwanza tu. Tarehe 28 Julai 2025 Awdah Hathaleen, mwalimu wa Kiingereza na mwanaharakati wa kijiji cha Umm al-Khair aliyesaidia katika utengenezaji wa No Other Land, alipigwa risasi akafa kijijini kwake wakati wa makabiliano yaliyozuka juu ya tingatinga lililokuwa likifanya kazi kwa ajili ya walowezi. Kati ya picha za tukio hilo zilizotolewa baadaye zimo zile alizokuwa akizipiga mwenyewe kwa simu yake, hadi risasi ilipompata.